Magwiji wa futiboli ya Marekani na mkwanja waliovuna: mbona aliye bora sio aliyelipwa zaidi?

Mkesha_Tandika

Wakuu salaam. Naomba wajuzi wa futiboli ya Marekani mje hapa tuelimishane, maana kijiweni kwetu hii ishu imetugawa kabisa. Tupo kikundi tunafuatilia NFL, ligi kuu ya mchezo huo, misimu kadhaa sasa na tunakesha kweli, Super Bowl, yaani fainali yake, kwa saa za kwetu inaanza saa nane na nusu usiku na asubuhi mtu anaenda kazini, kwa hiyo tunapobishana tunabishana kwa kitu tunachokipenda.

Ubishi uko hivi. Mimi nasema bora wa muda wote ni Tom Brady, kotabeki (mwongozaji wa mashambulizi, yule anayerusha mpira), ana Super Bowl 7 peke yake wakati hakuna hata timu moja ya NFL iliyofikisha 7. Mwenzangu anasema ubora unapimwa kwa hela, matajiri wa timu sio wajinga wampe mtu mamilioni bila sababu, akafungua simu akatuonyesha waliolipwa zaidi kwa mikataba ya uwanjani tu bila matangazo. Brady yupo na dola milioni 333 kwa misimu 23, sawa, lakini kotabeki mwenzake Aaron Rodgers yuko juu yake na ana Super Bowl moja. Kirk Cousins anazunguka milioni 300 huko. Eli Manning kamzidi kaka yake Peyton. Halafu Joe Montana, mtu mwenye Super Bowl 4, anatajwa na milioni 25 hivi kwa maisha yake yote ya mpira, na Jim Brown, ranibeki (mtu wa kukimbia na mpira), ambaye wazee wa kule wanaapa kuwa hajawahi kutokea kama yeye haonekani kabisa.

Sasa mimi naomba mnisaidie mambo mawili. Kwenu nyie magwiji ni akina nani, na kwa nini hela haiwafuati? Isije ikawa jibu ni "zamani hela ilikuwa na thamani" tu, nataka kujua mfumo wenyewe unafanyaje kazi mpaka Montana apate milioni 25 na mtu wa kawaida leo apate zaidi ya hiyo kwa mwaka mmoja.

Mzee_wa_Yadi_Mia

Mkuu karibu sana, mimi niko Minneapolis miaka mingi na hili swali ni la kwangu kabisa, ngoja nianzie mbali kidogo uvumilie.

Johnny Unitas. Kabla ya Montana na Brady, ukiuliza kotabeki bora ni nani watu walikuwa wanakutajia huyo. Alichaguliwa kwenye drafti (zoezi la timu kuchagua vijana wapya kwa zamu) ya mwaka 1955 raundi ya 9 na Pittsburgh Steelers wakamtema bila kumchezesha, akaenda kucheza timu ya mtaani pale Pittsburgh kwa dola 6 kwa mechi, SITA, mwaka uliofuata ndo Baltimore Colts wakamchukua kwa dola 7,000 za msimu mzima. Hizo kwa thamani ya leo ni kama elfu 80 hivi, mshahara wa mtu wa ofisini wa kawaida tu hapa. Na wenzake walikuwa hivyo hivyo, msimu ukiisha mtu anarudi kwenye kazi yake nyingine. Chuck Bednarik wa Philadelphia, mtu aliyecheza kushambulia na kuzuia kwenye mechi hiyo hiyo, alikuwa anauza zege, ndo maana wakamwita Concrete Charlie.

Sasa kwa nini ilikuwa hivyo? Sababu ya kwanza ni televisheni. Mwaka 1962 CBS walilipa dola milioni 4.65 kwa mwaka kuonyesha ligi nzima, timu zote zikagawana sawa kwa sawa, na huo mgao sawa ndo umeijenga NFL mpaka leo timu ya mji mdogo kama Green Bay inaweza kushindana na ya New York. Mwaka 2021 ligi ikasaini mikataba mipya ya kuonyesha mechi ya miaka 11 yenye thamani ya dola bilioni 110 hivi. Linganisha mwenyewe. Wachezaji kwa makubaliano ya sasa wanapata kama asilimia 48 ya mapato, kwa hiyo mapato yakipanda na wao wanapanda, awe bora asiwe bora.

Sababu ya pili ambayo watu wengi hawaisemi ni kwamba mchezaji alikuwa hana uhuru wa kuhama. Timu iliyokuchagua ndo mwenye wewe, mkataba ukiisha bado upo mikononi mwao kwa namna moja au nyingine, utamtishia nani? Ndo maana Joe Namath mwaka 1965 alipata dola 427,000 kwa sababu moja tu, kulikuwa na ligi mbili zinamgombania, NFL na AFL, akaenda AFL kwa New York Jets. Hizo ni zaidi ya milioni 4 za leo. Mwaka uliofuata tu ligi zikakubaliana kuungana, ushindani wa kugombania vijana ukafa na bei ikatulia. Wachezaji wakagoma 1987 kudai uhuru wa kuhama, wenye timu wakaleta wachezaji wa kuokoteza wakacheza mechi tatu na mgomo ukavunjika. Mpaka 1992 ndo wachezaji wanane, akiwemo Freeman McNeil, wakaishinda NFL mahakamani, hapa hapa Minneapolis, ndo mlango ukafunguka, na 1993 Reggie White akawa mtu mkubwa wa kwanza kuupita, akaondoka Philadelphia akaenda Green Bay kwa dola milioni 17 kwa miaka minne. Watu walishtuka sana, mlinzi wa pembeni kulipwa vile! Na Green Bay wakabeba Super Bowl naye Januari 1997.

Kwa hiyo Montana mkuu hakupungukiwa ubora. Super Bowl zake 4 alizichukua kati ya 1982 na 1990, yaani zote kabla mlango haujafunguka. Angezaliwa miaka 15 baadaye tungekuwa tunaongea mambo mengine.

Magwiji wangu mimi: Jim Brown namba moja, na nitarudi kueleza.

BintiLikoni_Dallas

Salaam aleikum nyote. Mzee wa Yadi Mia kaeleza vizuri ya kale, mimi niongezee ya mkataba wenyewe kwa sababu kazi yangu ni ya mahesabu na hapa Dallas tunakula na kulala na timu yetu ya Cowboys.

Kaka wa Tandika, mkisoma habari kuwa fulani kasaini dola milioni 200, msiishike hiyo namba ya juu. NFL sio kama NBA au baseball ambako ukisaini umesaini. Huku timu yaweza kumwacha mchezaji kesho na miaka iliyobaki ikapotea hivi hivi, hela anayoweza kuitegemea ni ile iliyoandikwa kuwa ni ya uhakika pamoja na bonasi ya kusaini. Ndio mana wakala mzuri hapiganii namba ya juu, apigania ya uhakika. Cousins alilielewa hilo kuliko wote. Timu yake ya Washington ilimzuia kwa tegi miaka miwili mfululizo, 2016 na 2017, na tegi mana yake timu inamshika mchezaji mwaka mmoja lakini lazima imlipe bei ya wale wa juu wa nafasi yake, kwa hivyo akapata karibu milioni 20 mwaka wa kwanza na karibu 24 wa pili, alafu akatoka huru akaenda Minnesota kwa milioni 84 ya miaka mitatu, na yote, kila dola, ilikuwa ya uhakika. Haijawahi kuonekana kwa kotabeki mkataba wa aina ile. Kisha 2024 Atlanta wakampa miaka minne ya milioni 180, na milioni 100 ya hizo za uhakika. Mechi za mtoano ameshinda moja tu maisha yake yote! Lakini hakuiba, alicheza kila wiki na alikubali kuhatarisha mwaka mmoja mmoja wakati wenzake walikimbilia kusaini mapema.

Dak Prescott wetu pia ni vile vile. Alichaguliwa raundi ya 4 mwaka 2016, miaka ya mwanzo akalipwa hela kidogo sana, 2020 akawekewa tegi, Oktoba akavunjika kifundo cha mguu vibaya sana tukalia hapa mjini, na bado Machi 2021 akasaini milioni 160. Alafu Septemba 2024 akasaini milioni 240 kwa miaka minne, milioni 60 kwa mwaka, hakuna aliyewahi kufika hapo kabla yake. Na hajafika hata nusu fainali ya Super Bowl. Mimi nampenda Dak kwa dhati, ni muungwana, lakini akisemwa katika magwiji nitanyamaza kimya.

Gwiji wa hapa ni Emmitt Smith. Yadi 18,355 za kukimbia, hakuna aliyemfikia hadi leo. Na yeye pia alijua kujidai haki: 1993 aligoma kuanza msimu bila mkataba mpya, Cowboys wakafungwa mechi mbili za mwanzo, mwenye timu akalegea akampa milioni 13.6 kwa miaka minne. Msimu ule ule Emmitt akawa mchezaji bora wa ligi, na mchezaji bora wa Super Bowl, na kombe likaja Dallas. Milioni 13.6 kwa miaka minne jamani, Dak azipata kabla Novemba haijaisha.

Mkesha_Tandika

Dada asante sana, hiyo ya hela ya uhakika sisi wote hatukuwa tunaijua vizuri. Sasa swali, kama ni hivyo kwa nini Brady na Super Bowl zake zote hakuwa anachukua zaidi? Yaani timu ingemnyima?

BintiLikoni_Dallas

Isingemnyima hata kidogo. Kuna ukomo wa mishahara kaka, kila timu ina kiasi kimoja cha kulipa wachezaji wake wote na haivuki. Ulianza 1994 ukiwa dola milioni 34.6 kwa timu, 2025 umefika milioni 279.2. Kotabeki akichukua robo ya hizo, waliobaki 52 wanagawana robo tatu. Brady akachukua kidogo makusudi ili wenzake wapatikane. Februari 2013 aliongeza miaka mitatu kwa milioni 27, yaani milioni 9 kwa mwaka, wakati makotabeki wakubwa walikuwa wanavuta 20. Na miaka miwili baada ya kusaini akabeba Super Bowl ya Februari 2015.

KapteniNyanza

Wasee mimi napinga kidogo hii hadithi ya Brady kujitolea. Ni kweli alichukua pesa kidogo na namheshimu kwa hiyo, lakini mke wake wa wakati huo alikuwa analipwa vizuri kuliko yeye, na alikuwa na mikataba ya matangazo, sio kila mchezaji anaweza kumudu kuwaachia wenye timu milioni kumi kila mwaka. Ikishakuwa hivyo, mchezaji mwingine akidai haki yake anaitwa mroho. Hiyo ndio shida yangu. Mwenye timu yeye hapunguzi bei ya tiketi eti kwa sababu kotabeki kachukua kidogo.

Alafu hiyo hoja ya "soko halidanganyi" mwambieni huyo jamaa wa kijiweni amtafute Sam Bradford. Namba moja kwenye drafti ya 2010, kabla hajarusha mpira hata mmoja wa NFL St. Louis Rams wakampa miaka sita ya milioni 78, na milioni 50 zikiwa za uhakika. Magoti yakamsumbua sana, pole kwake, akazunguka timu nne, akastaafu akiwa na kama milioni 130 na hajawahi kuanza hata mechi moja ya mtoano. Mwaka uliofuata wenye timu na wachezaji wakakubaliana kuweka bei maalum ya vijana wa drafti, na Cam Newton aliyekuwa namba moja 2011 akapata milioni 22 kwa miaka minne. Bradford 78, Newton 22, tofauti ni mwaka mmoja! Na Newton ndiye aliyekuja kuwa mchezaji bora wa ligi 2015.

Hiyo sheria ya vijana ndiyo inauma mpaka leo. Brock Purdy alichaguliwa mtu wa mwisho kabisa, namba 262, mwaka 2022, akaipeleka San Francisco mpaka Super Bowl ya Februari 2024 huku mshahara wake haujafika milioni moja kwa mwaka. Alafu 2025 wakampa milioni 265 kwa miaka mitano. Sasa niambieni, Purdy wa 2023 alikuwa mbaya mara hamsini kuliko Purdy wa 2025? Ni yule yule. Kilichobadilika ni tarehe tu.

Na hapo wengi hawafiki. Mchezaji wa kawaida hadumu, chama cha wachezaji kinasema wastani ni miaka mitatu na kitu, wakati mkataba wa kwanza wa drafti ni miaka minne. Kwa hivyo wengi wanaondoka kabla ya kuuona mkataba wa pili ambao ndio wenye pesa. Mkenya mwenzetu Daniel Adongo, aliyetoka kwenye raga moja kwa moja akasainiwa na Indianapolis Colts 2013, Mkenya wa kwanza kucheza NFL, naye majeraha yakamkata mapema. Tulijivunia sana huku na bado tunajivunia.

Mzee_wa_Yadi_Mia

Nimerudi kwa Jim Brown kama nilivyoahidi.

Cleveland Browns, 1957 mpaka 1965, misimu 9, na katika hiyo 9 aliongoza ligi kwa kukimbia mara 8. Hajawahi kukosa mechi hata moja. Wastani wake ni yadi 104 kwa kila mechi, kwa kazi yote nzima, na mpaka leo hakuna ranibeki mwingine aliyemaliza kazi yake na wastani wa juu ya 100. Emmitt ana yadi nyingi zaidi kwa sababu alicheza misimu 15. Brown aliacha akiwa na miaka 30 na ndo kwanza ametoka kuwa mchezaji bora wa ligi, alikuwa Uingereza anacheza filamu, filamu ikachelewa, mwenye timu akatishia kumpiga faini kila siku asiporipoti kambini, Brown akaitisha waandishi wa habari akasema basi, nimestaafu. Hakurudi tena. Mtu mweusi wa Marekani mwaka 1966 kumwambia tajiri hivyo, na kuondoka kwa miguu yake mwenyewe mzima, kwangu hilo ni kubwa kuliko mkataba wowote mliotaja hapa.

Barry Sanders wa Detroit alikuja kufanya hivyo hivyo 1999, yadi 15,269 kwa misimu 10, alikuwa anaikaribia rekodi ya Walter Payton ya 16,726, akaacha tu, na timu ikamdai arudishe mamilioni ya bonasi ya kusaini kwa sababu alikuwa hajaimaliza miaka yake. Maranibeki ndo wanaonewa kuliko wote. Wanapigwa kila mchezo, miaka 27 na 28 timu inasema umechoka. Le'Veon Bell alikataa tegi ya milioni 14.5 mwaka 2018, akakaa nje msimu mzima, zile hela zikapotea na hakuwa tena yule wa zamani. Afadhali Saquon Barkley amerudisha heshima kidogo, yadi 2,005 msimu wa 2024, Super Bowl na Philadelphia Eagles, na Machi 2025 akawa ranibeki wa kwanza kuvuka milioni 20 kwa mwaka.

nesi_wa_Columbus

Naomba niseme na mimi, maana mnaongea hela tu na mimi nafanya kazi hospitali huku Ohio.

Mike Webster wa Pittsburgh, senta (mtu wa katikati ya safu ya mbele, anayempa kotabeki mpira), Super Bowl 4 na Steelers wa miaka ya 70, kwa nafasi yake anahesabiwa kati ya bora kabisa waliowahi kutokea. Alimaliza mpira 1990, akili ikaanza kumpotea, alikuwa analala kwenye gari lake, kwenye stesheni za treni, akafa 2002 akiwa na miaka 50. Aliyempasua kumchunguza ni daktari wa Kinigeria, Bennet Omalu, akaugundua ubongo umeharibika kwa yale mapigo ya kichwa ya miaka yote. NFL walimpinga yule daktari miaka na miaka wakataka utafiti wake ufutwe. Baadaye wastaafu kwa maelfu wakashtaki, ligi ikakubali kulipa, na malipo yameshapita dola bilioni moja.

Kwa hiyo ukisema fulani aliingiza milioni kadhaa, uliza pia alitoa nini. Na lile jambo la hela ya uhakika ambalo dada wa Dallas amelieleza, mimi naliona ni jambo la afya kabla halijawa la biashara. Mtu anapigwa kichwa Jumapili, akisema kichwa kinauma anaweza kuachwa Jumanne, atasema kweli?

KapteniNyanza

Nesi umegonga penyewe. Na niongezee hapo kwenye kufilisika, kuna ile namba inatembea mitandaoni kwamba asilimia 78 ya wachezaji wa NFL wanafilisika ndani ya miaka miwili. Ilitoka kwenye jarida la michezo 2009, na ilikuwa inahesabu waliofilisika pamoja na wenye shida ya pesa kwa ujumla. Watafiti wa uchumi walikuja kupekua rekodi za mahakama 2015 wakakuta karibu asilimia 16 wamefilisika rasmi ndani ya miaka 12 baada ya kustaafu. Bado ni wengi, na kilichoshtua ni kwamba waliopata pesa nyingi na waliodumu walifilisika kwa kiwango kile kile kama wengine.

Lakini mkumbuke makato pia. Serikali kuu inachukua mpaka asilimia 37, kuna kodi ya jimbo, California inafika 13.3 wakati Texas na Florida ni sifuri, na ukienda kucheza mechi California hata kama unaishi Florida wanakukata kwa zile siku ulizofanya kazi kwao. Wakala anaruhusiwa mpaka asilimia 3. Hiyo milioni 60 ya Dak ikifika benki ni kitu kingine.

BintiLikoni_Dallas

Basi na mimi niwape wa upande wa pili, Roger Staubach. Huyu alitoka jeshi la majini, alikwenda Vietnam, akaanza NFL na miaka 27, akaipa Cowboys Super Bowl 2. Miaka ya 70 mshahara wa mpira haukumtosha mtu mwenye watoto watano, kwa hivyo kila msimu ukiisha alikuwa akifanya kazi ya nyumba na viwanja hapa hapa Dallas. Akaanzisha kampuni yake, na 2008 ikauzwa kwa dola milioni 613. Ukiweka hela zote, za uwanjani na za nje, Staubach awapita wengi mnaowataja.

Na Brady mwenyewe, Fox walimpa mkataba wa kutangaza mpira ulioripotiwa kuwa milioni 375 kwa miaka 10. Yaani kukaa na maikrofoni kunamlipa zaidi ya misimu 23 ya kuangushwa chini.

Mkesha_Tandika

Wakuu mmenifungua macho, hii nairusha yote kwenye grupu letu la kijiweni leo leo. La mwisho, Mahomes, kotabeki wa Kansas City Chiefs, je? Mwenzangu anasema kwa ile milioni 450 yake atampita Brady kila upande, hela na vikombe.

Mzee_wa_Yadi_Mia

Hela atampita, hilo halina shaka mkuu, mambo yakienda sawa. Patrick Mahomes alisaini Julai 2020 miaka 10 ya nyongeza, milioni 450 na inaweza kufika 503 na marupurupu. Siku ile dunia nzima ilipiga kelele, milioni 45 kwa mwaka. Miaka mitatu baadaye alikuwa ameshapitwa na akina Joe Burrow milioni 55 na Lamar Jackson 52, mpaka Kansas City wakakaa naye Septemba 2023 wakaziwahisha hela, apate milioni 210.6 kati ya 2023 na 2026. Kwa hiyo na yeye kwa namna yake amekubali mkataba mrefu unaowapa Chiefs nafasi ya kupanga timu, kama Brady, tofauti ni kwamba kikapu chenyewe sasa ni kikubwa mno.

Vikombe ndo pagumu. Anazo 3, alizozichukua kabla hajafikisha miaka 29, Brady wa umri huo alikuwa nazo 3 pia. Wako sawa kabisa hapo. Lakini mkataba wa Mahomes unaisha 2031 akiwa na miaka 36, na Brady Super Bowl zake 4 kati ya zile 7 alizibeba akiwa na miaka 37, 39, 41 na 43, ya mwisho akiwa Tampa Bay, dhidi ya Mahomes mwenyewe, 31 kwa 9.